Rangi Haichuruziki Kwenda Juu

Miaka thelathini na minane nimepaka nyumba za watu, kwa hiyo mtu asinifundishe rangi. Mke wangu alipong'ang'ania ile picha dukani, damu ilinichemka. Haina mtu, haina mti, haina hata kuku. Doa kubwa jekundu, bluu kidogo chini yake, na michirizi.

"Hii ni ya kiwango cha makumbusho," dada wa dukani akasema, akipapasa fremu ya mbao. "Karatasi nzito, na wino wake haupauki."

"Makumbusho ya nini? Kwani sisi tumeshakufa?"

"Mzee, hebu nyamaza," mke wangu akasema. Alikuwa ameisogelea hadi pua inataka kugusa kioo.

Tangu mwaka jana macho yake yanafifia, na daktari ametuambia wazi kwamba hayatarudi. Nyuso haoni tena. Mimi ananijua kwa kikohozi. Rangi nzito anasema bado anaziona. Anasema. Lakini huyu ni mwanamke wa kuficha shida zake ili mimi nilale, na hilo ndilo lililokuwa likininyima raha.

"Picha za watu zinanionea, baba watoto," akaniambia taratibu. "Wenzangu wanaona sura, mimi naona ukungu. Ila hii, hata wewe unaona madoa tu. Hapa tuko sawa."

Nikalipa.

Nyumbani akaenda kuoga, nami nikachukua nyundo na pima maji. Ndipo nikagundua jambo: michirizi ilikuwa inapanda. Ala! Rangi haichuruziki kwenda juu, hata fundi wa siku ya kwanza anajua. Hawa watu wa fremu wamefunga waya upande usio wake! Nikauhamisha, nikaigeuza picha, nikaitundika, nikajipongeza.

Mke wangu akatoka bafuni na taulo kichwani. Akasimama katikati ya sebule, uso kauelekeza kwenye picha. Nikajua haoni kitu, anatafuta uongo wa kunifariji.

"Wewe mzee, una wazimu?" akasema. "Doa langu jekundu lilikuwa juu. Mbona umeliangusha?"

Nikaanza kujitetea, mara michirizi, mara ufundi wangu.

"Nani kakuuliza ufundi? Geuza!"

Sijawahi kugombezwa nikafurahi namna ile. Nikaugeukia ukuta asinione nikilia, kana kwamba angeniona.

Sasa imepita miezi minne. Siku nyingine, kabla hajaamka, naigeuza picha kichwa chini, nakaa kwenye kochi na chai yangu, nasubiri kugombezwa.

Leo alisimama muda mrefu. Chai ikapoa mkononi, sikuthubutu hata kukohoa.

"Geuza, mzee," akasema.