Yaki Aomba Ruhusa

Jana mchana, baada ya kunyweshwa uji, Mwalimu Nyamizi aliota yuko darasani. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja kabla kiharusi hakijamlaza na kuupoozesha mkono wake wa kulia. Tangu hapo mkwe wake, Tausi, ndiye aliyemwogesha, akamgeuza na kumbadilisha nepi. Miezi minane, na Mwalimu hakuwahi kumshukuru. Aliona aibu. Kila alipofunuliwa shuka aligeukia ukutani, akingoja kumsikia mkwe wake akiguna kwa kinyaa.

Ndotoni mlango unafunguliwa, anaingia Yaki. Ni lile neno la Kiingereza, "yuck", linalowatoka watu wakiona kitu cha kuchefua. Amevaa suti, na alama yake ya mshangao ameibana kwapani kama mwavuli.

Mwalimu anampa kiti. Yaki anakataa. Anamkumbusha kwamba kihisishi husimama peke yake, na aliyefundisha hivyo ni Mwalimu mwenyewe. Madawati yanasogea nyuma kumpisha.

Mwalimu anamwagiza aeleze matumizi yake, maana wanafunzi wanasubiri. Wanafunzi ni vikombe vya chai, arobaini, vyote vimevaa sare.

Yaki anaeleza. Anatumika mtu akikuta unywele kwenye mchuzi, au akikanyaga mavi ya kuku pekupeku. Vikombe vinaandika. Kimoja chenye ufa kinauliza kama anaweza kutumika kwa mgonjwa.

"Kisarufi, inaruhusiwa," anasema Yaki.

Mara darasa limekuwa chumba cha Mwalimu. Ubao umesimama palipokuwa na kabati, na Yaki anajifuta jasho.

"Mwalimu, naomba ruhusa nirudi kwetu. Kwa huyu mkwe wako sina kazi. Miezi minane nimekaa nyuma ya meno yake. Akifunua shuka najiweka tayari. Yeye anaanza kuimba kimoyomoyo."

"Hata siku ile niliyoharisha?"

"Siku ile aliimba beti zote."

Mwalimu anachukua chaki, anaandika ubaoni kwamba Yaki ameruhusiwa kuondoka nyumba hii, bila tarehe ya kurudi. Yaki anasoma, anasahihisha mkato mmoja, anatoka kupitia dirishani.

Mwalimu alipoamka, Tausi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda na beseni la maji ya vuguvugu, anamfuta mikono. Alipofikia ule wa kulia, akasita. Vidole vitatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi la chaki. Nyumba ile haikuwa na chaki. Akamuuliza mama mkwe wake imetoka wapi.

Mwalimu akamjibu kwamba alikuwa anamwandikia mtu ruhusa. Halafu akamtazama usoni.

"Ahsante, mwanangu. Ahsante kwa yote."

Tausi aliinamisha kichwa, akakikamua kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akafuta kidole cha kwanza, akafuta cha pili. Cha tatu akakiacha na chaki yake.