Yatima wa Siku Tano

Ziada binti Likwata alimwandikisha mtoto wa dada yake kuwa yatima siku ya Jumatatu, akala wali siku hiyohiyo, na ilipofika Alhamisi alikuwa anaijutia kila punje.

Mwaka ule vita vya maji vilikuwa vimekwisha, kwa kuwa watu wa kupigana walikuwa wamekwisha. Huko bara, upande wa Njinjo, Wadachi walichoma nyumba, wakachoma maghala, wakachoma mtama shambani, kisha wakashangaa kwamba watu wana njaa. Ziada akashuka Kilwa Kivinje na chungu kimoja, jembe lililovunjika mpini, na Adija mgongoni. Adija alikuwa na miaka sita na uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Mama yake, Siti, dada yake Ziada tumbo moja, alifia njiani na kuzikwa kwa haraka. Baba yake alikuwa amekwisha kufa zamani: alikunywa ile dawa akaambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji. Walimwambia yeye, hakuna aliyeziambia risasi.

Ndipo akaja Bwana Maswali. Jina lake la kwao lilikuwa refu, na katikati yake lilimtaka mtu akohoe, kwa hiyo mji mzima uliliacha palepale forodhani. Alikuwa bwana wa elimu, ametumwa kutoka Ulaya kuchunguza hali ya watoto na jamaa zao baada ya vita, ajue wasaidiweje. Walioileta hali hiyo alikuwa anakunywa nao kahawa bomani kila asubuhi. Angewauliza hao angemaliza kazi kabla ya adhuhuri, lakini elimu ina njia zake. Alikuwa na kitabu kikubwa chenye mistari, utepe wa kupimia watoto mikono na vichwa, na karani Fakihi, kijana wa Kivinje mwenye kofia nyekundu, wa kumgeuzia maneno.

Jumatatu mbiu ililia: mwenye yatima amlete bomani, aandikwe, apewe kibaba cha mchele.

Sasa, kwa watu wa Kivinje, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba, hata kama mama yake yupo, mnene, na anagombana na majirani. Ndivyo walivyosoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Na baada ya vita vile, mtoto gani alikuwa na baba? Hadi jua kusimama utosini yatima walikuwa mia mbili na ushee. Mzee Pazi, msuka makuti mwenye miaka sitini na kitu, alipanga foleni akajiandikisha mwenyewe. "Baba amekufa, mama amekufa," alimwambia karani. "Hapo kimepungua nini?" Alipewa kibaba chake, na mkono wake ukapimwa.

Zamu ya Ziada ilipofika, alitaka kuhakikisha. Aliminya machozi, akasema, "Baba kafa, mama kafa. Huyu hana mtu, masikini ya Mungu." Fakihi akaandika: hana mtu. Wali ule waliupika bila nazi, maana nazi haikuwapo, na Adija alilamba chungu mpaka kikang'aa.

Alhamisi mbiu ikalia tena. Yatima wote waletwe Jumamosi pwani, meli ya serikali iwapeleke Dar es Salaam, wakakae katika nyumba waliyojengewa huko. Kumbe kwenye kitabu cha Bwana Maswali, yatima ni mtoto asiye na mama wala baba wala wa kumlea.

Wanawake walikimbilia bomani kana kwamba kumewaka moto. Waliozaa walikuwa na kazi nyepesi, kila mmoja alijipiga kifua akasema, "Mama yake ni mimi," na jina likafutwa. Siku ile walimaliza hao tu. Mzee Pazi alifutwa bila kuomba, tena kwa ukali. Alinuna, kwa sababu Dar es Salaam hakuwahi kufika.

Ziada hakulala kwa mawazo. Maneno ya "hana mtu" alikuwa ameyasema kwa ulimi wake mwenyewe, kwa ajili ya mchele usiojaa hata kibakuli cha pili. Alijiona mpumbavu, na zaidi ya hapo aliogopa. Akimpoteza huyu, Siti atakuwa amekufa mara mbili, na mara ya pili muuaji ni yeye.

Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni, Adija kamshika upindo wa kaniki. Nyuma yake walijipanga wanawake wengine kumi na mbili, kila mmoja na mtoto asiyemzaa.

"Kaka Fakihi," alisema, "nimekuja kurekebisha. Huyu mama anaye. Ni mimi."

Fakihi alifunua kitabu. "Dada, hapa imeandikwa kwamba mama kafa."

"Aliyekufa ni mama aliyemzaa, dada yangu mkubwa. Mimi ni mama yake mdogo. Mwambie bwana wako."

Fakihi alimgeukia Bwana Maswali, akafungua kinywa, akakifunga. Kidachi, baada ya mizinga yote ile, hakina mama mdogo. Kina neno moja tu, tante, na humo wamerundikwa kapu moja shangazi, mama mkubwa, mama mdogo na mke wa mjomba. Akasema tante. Bwana Maswali akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika jambo.

"Kasemaje?" Ziada aliuliza.

"Kasema wewe ni shangazi, au kitu kama hicho. Si mama. Mtoto aende."

"Shangazi!" Ziada alifoka, na foleni yote ikaguna. "Shangazi ni dada wa baba, mtu wa ukoo mwingine kabisa! Nimenyonya ziwa moja na mama yake huyu, halafu naitwa shangazi? Muulize: mama yake yeye ana dada?"

Fakihi alisita, kisha akageuza. Hata hivyo Bwana Maswali alipenda sana kuulizwa maswali, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Alijibu kwa furaha. Naam, anaye. Tante yake anaishi karibu na mto, na kila mwaka humfumia soksi za sufu na kumletea kwa meli.

"Soksi za sufu, Kilwa?" Wanawake walicheka mpaka askari wa mlangoni akakohoa kuficha kicheko chake.

"Sasa muulize tena," Ziada alisema. "Mama yake angekufa yeye akiwa kama huyu, angelelewa na nani?"

Bwana Maswali hakufikiri hata kidogo. Angelelewa na tante.

"Au wangempeleka mbali kwa meli? Kwa watu asiowajua, mkono wake umepimwa kwa utepe?"

Fakihi alipogeuza hayo, kalamu ilisimama hewani. Bwana Maswali alimtazama Ziada, akatazama mistari yake aliyoichora kwa rula huko Ulaya. Uso wake ulipata rangi ya kamba wa kuchemsha. Kisha, akawa kama anayetaka ushahidi wa mwisho, akamwinamia Adija, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha miezi miwili, "Mama wako kufa?"

Mtoto yule hakuwahi kujua kudanganya, na hakufundishwa, kwani nani angefikiri kwamba ataulizwa?

"Alikufa," alisema Adija. Akavuta upindo wa kaniki. "Akabaki mama."

Bwana Maswali aliomba ageuziwe, akageuziwa, akaomba tena. Halafu akachovya kalamu akalipiga jina mstari.

"Mwambie Mungu amlipe," Ziada alisema, na pumzi iliyomrudia ikamrudisha pia ulimi. "Na mwambie, kama anataka yatima wa kweli, ajiandike yeye. Kaja huku peke yake, hana baba, hana mama, hana wa kumvua hizo soksi."

"Anasema asante," Fakihi alimwambia bwana wake.

Baada ya hapo kazi ikawa laini. Kila mwanamke wa foleni ile alikuwa mama mdogo. Mmoja alikuwa mama mdogo wa watoto wanne wa vijiji vitatu. Bwana Maswali aliandika kwa mshangao wa mtu aliyegundua kisiwa, na kufikia alasiri kitabu hakikubakiwa na jina.

Jumamosi meli iliondoka bila mtoto hata mmoja. Ziada alikwenda pwani kuhakikisha kwa macho yake, na hapo ndipo alipoona magunia yanapandishwa, thelathini, yaleyale ya mchele.

"Yanakwenda wapi?"

Fakihi alivua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi. "Bwana ameandika kwa heshima kubwa. Amechunguza kwa makini, na Kilwa hakuna yatima. Kwa hiyo chakula cha yatima hakina mlaji."

"Hukumwambia kwamba tuna njaa?"

"Kitabu hakikuwa na mstari wa njaa, dada."

Ziada alitukana tusi la Kimatumbi ambalo karani, ashukuriwe Mungu, hakupaswa kuligeuza. Kisha akachukua jembe lake bovu, akamshika Adija mkono, wakaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu vilivyokuwa vimewalisha toka Njinjo.

Udongo ulikuwa mkavu. Walichimba mpaka mtoto akauliza, "Mama, mimi bado yatima?"

"Hapana. Umeacha jana."

Adija akafikiri. "Jumatatu tulikula wali."

"Tulikula."

"Nilipokuwa yatima."

Ziada alisimamisha jembe. Alitaka kumkemea, akataka kucheka. "Unataka kurudi kuwa yatima?" aliuliza, na akaliogopa jibu kuliko alivyoiogopa meli.

Adija alikuwa amechutama, anafukua kwa mikono kuufuata mzizi. Hakuinua hata uso.

"Wali wenyewe haukuwa na nazi," akasema.