Bado ya Mastura

Tangu gesi ionekane huko baharini, Palma nzima ilikuwa inasoma Kiingereza, na Mastura, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, alikuwa amekichoka. Asubuhi analima shambani kwake kijijini Mute, alasiri anajibana kwenye dawati la watoto, magoti juu, ili apate kazi ya kufua nguo kwenye kambi ya kampuni ya gesi. Usaili wa kwanza alianguka. Aliulizwa kama ana mume au kaka wa kuarifiwa akiugua, akajibu "not yet", yaani bado. Mzungu aliyemsaili akacheka, akaandika kwamba haelewi maswali.

Alielewa sana. Issufo, mumewe, alivuka kwenda Mtwara kununua vitenge, mwaka wa sita huu, na kila anayemuulizia hujibiwa bado. Watu wenye adabu hujibu hivyo. Nani atamkata mwenzake kwa hapana kavu?

Mwalimu Joaquim akamfundisha "neither" na "nor", maneno yanayotembea pamoja kama ndala.

"Ni kama sisi tunavyosema sina hiki wala kile, senhora. Ila kitenzi usikikanushe, sema I have tu. Neither imeshakanusha, nor inamalizia. Ukikanusha tena, watacheka tena."

"Na ile 'bado' niiweke wapi?"

"Hapo haina nafasi."

Wiki nzima alikuwa akirudia shambani, jembe mkononi, sentensi ya kwamba hana mume wala kaka, na kila akifika kwenye mume ulimi ulikwama. Hasira zilimpanda. Lugha gani hii, isiyomwachia mtu hata upenyo?

Jumatatu, kwenye usaili wa pili, mzungu yuleyule akauliza swali lilelile. Mastura alitazama sugu za viganja vyake.

"I have neither husband nor brother," akasema polepole, bila kosa.

Mzungu akaitikia kwa kichwa. Akamwambia aanze Alhamisi.

Njiani alikutana na Atija, jirani yake.

"Za huko, dada?"

"Kazi nimepata."

"Alhamdulillahi. Na Issufo je, kaja?"

Mastura akafungua kinywa aseme neno lake la miaka sita. Halikutoka.

"Hajaja, wala haji," alisema.

Kisha akaketi kwenye kibaraza cha nyumba ya watu asiowajua, na Atija akaketi naye.