Majani ya Msonobari

Mwaka ule, enzi ya Mjerumani, mvua iliwahi, nyasi za kuchomea vyungu zikalowa. Mama yangu Neli, mfinyanzi, akazoa majani makavu chini ya msonobari wa misheni, membamba kama sindano, akavifunika vyungu vyake vibichi kumi na viwili ili avichome. Kabla hajawasha moto, mke wa mmisionari akaja mbio.

"Mama Neli, umemfunua mwanangu!"

"Mwanao yupi? Pale si kuna mti tu?"

"Nilimzika chini yake. Majani yale ndiyo shuka lake."

Mama naye alikuwa amezika watoto wawili. Mawingu yalishatanda ziwani, lakini alijaza majani kapuni, akayarudisha chini ya mti, akayatandaza polepole kwa mkono. Tulipokimbilia vyungu, mvua ilishavifanya tope.