Mashuka Yenye Mafundo

"Na fomu ikilowa?" mwalimu aliuliza.

Mama Mashuka alikuwa amesimama mbele ya darasa, kidole bado kimeelekea kwenye mchoro wake ukutani. Mchoro ulikuwa mzuri, jamani. Visanduku kumi na vinne vilivyopigwa rula, mishale myekundu na ya buluu, mwandiko wa mtu aliyerudia kazi yake mara tano. Ulionyesha safari ya shuka la hospitali: linatoka wodini, linafuliwa, linarudi wodini. Kazi hiyo ya kufua alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, ndiyo maana wanafunzi wenzake, ambao wengi angeweza kuwazaa, walimpachika jina hilo. Mwenyewe alilipenda.

"Fomu huwa inalowa, mwalimu," alijibu. "Kila siku."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Somo hili moja, uchambuzi wa mifumo ya kompyuta, lilikuwa limemkaba koo. Alikwisha kuanguka mara moja, na chuo cha jamii hakikuwa na mchezo: ukianguka mara ya pili, unafunga virago. Na mtihani wenyewe ndio mchoro huu. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Mchoro wako unasema fomu ndiyo inayotaja shuka limetoka wodi gani. Sasa wino ukishafutika, mashuka yanarudije kwao?"

"Yanarudi tu."

"Yanarudi tu! Yana miguu?"

Kicheko tena. Jasho likamtiririka mgongoni. Akamkumbuka mpiga pasi, shoga yake wa kazini, alivyomuaga asubuhi: "Haya, mtu mzima na madaftari! Wakikurudisha, utanikuta hapahapa na pasi yangu." Walicheka wote wawili, lakini neno lile lilimchoma, na sasa alilisikia upya.

Mikono yake nayo haikujua kukaa bure. Ilikuwa imekwisha kukamata kitambaa cha kufutia ubao na kukifunga fundo kwenye pembe. Akainamisha macho, akakiona. Ala!

"Tunafunga fundo," alisema.

"Fundo gani?"

"La shuka, mwalimu! Wafagizi wa wodini wakikusanya machafu, wanafunga pembe. Fundo moja, watoto. Mawili, wodi ya wazazi. Matatu, upasuaji, na hayo huyachanganyi na mengine hata kwa bahati mbaya. Yakitufikia, kila fundo na mashine yake, ndipo tunafungua. Fomu tunasaini tu ili mkubwa wetu alale usingizi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu aliinuka kitini.

"Na mafundo hayo yako wapi kwenye mchoro?"

"Hayapo."

"Kwa nini?"

Mama Mashuka alikizungusha kile kitambaa mkononi. "Niliona aibu. Hayo ni mambo yetu sisi watu wa sabuni. Nilidhani kompyuta inataka mambo ya maana."

Mwalimu alichukua kalamu nene mezani, akamkabidhi. "Una dakika kumi."

Hapo sasa! Alikipiga msalaba kisanduku cha fomu, kile alichokipenda kuliko vyote, akachora kingine juu yake bila rula. Mishale ikaenda upogo. Alichora wafagizi, alichora mikokoteni mitatu, alichora mashine mbovu inayomwaga maji siku za Jumatatu. Alikuwa anaongea huku anachora, sauti imempanda kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara, na moyo ulimdunda kwa raha tupu. Miaka kumi na tisa alikuwa anaishi ndani ya kitu hiki, na kumbe kinachoreka! Wenzake walisogeza viti mbele. Maswali yakamwagika, naye akayadaka moja moja.

Kisha dada mmoja wa dirishani akauliza, "Na fundo likifunguka njiani, kabla hamjaliona?"

Kalamu ikasimama. Lazima yalikuwepo, hayo mashuka yaliyofunguka fundo. Lakini hakuwahi kuyaona yamerundikana mahali.

"Sijui," alisema. Neno lenyewe lilimtoka kwa shida, maana alijua anaweza kuangukia hapo. "Kesho nitauliza."

Mwalimu aliandika kitu kirefu kwenye karatasi yake. Kisha akafunga faili.

"Muhula ujao vipindi vinaanza saa mbili kamili," alisema. "Wewe una tabia ya kuchelewa, Mama Mashuka."

Ilimchukua muda kuelewa kwa nini darasa linapiga meza.

Asubuhi yake hakwenda kwanza kwenye mashine. Alikwenda moja kwa moja chumba cha pasi, daftari kwapani, uso unang'aa kama wa bibi harusi.

"Wamekurudisha?" mpiga pasi aliuliza.

"Hawakunirudisha ng'o! Niambie, shoga: shuka likifunguka fundo njiani, linakwenda wapi?"

Mpiga pasi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamaye. "Linakwenda wapi? Si linakuja kwangu!" Akainua kitambaa kilichofunika chini ya meza. Palikuwa na rundo la mashuka, safi, yamekunjwa. "Miaka yote hii nayarudisha mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Unayajuaje?"

Mpiga pasi aliiegesha pasi wima. "Ya watoto, pindo limetafunwa. Ya upasuaji, dawa imeyakausha, yanakwaruza. Ya wazazi..." Akavuta moja.

Mama Mashuka alikwisha kufungua daftari, kalamu tayari.

"Iweke chini hiyo," mwenzake alisema. Akaushika mkono wake, akaupeleka kwenye ukingo wa shuka, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimelegea kwa kushikwa na kina mama uchungu ulipopanda. "Sikia hapa kwanza."