Shada la Mtoto wa Saba

Asubuhi hiyo Jovitha alikuwa akirekebisha faili la mipangilio katika duka la uchapaji la Mzee Harilal, Mtaa wa Mhonda, Kariakoo. Mfumo mpya wa kupanga kurasa ulikuja umezoea karatasi za Marekani, na kila tangazo lilitoka limekatwa miguu. Akaandika A4, kisha akaongeza pambizo, ile nafasi tupu ya pembeni. Nje, wauza soksi wakajikuta wamesogea hatua mbili kutoka mlangoni, wao na meza na miamvuli yao. Waliendelea kupatana bei. Mzee Harilal alichungulia, akasema pambizo hiyo inatosha, isiguswe tena.

Ndipo akaingia Gaudens, mfanyabiashara wa vitenge vya jumla, kuchapisha kijitabu cha mazishi ya baba yake, Mzee Melkiori. Mzee angezikwa Kibosho, na kwao watoto huitwa kaburini mmoja mmoja, kwa kufuata kijitabu, waweke mashada. Majina yao yalikaa kwenye faili la mipangilio la familia, ambamo kadi zao zote za harusi na misiba ziliyachota. Watoto walikuwa saba. Wa mwisho, Celina, alizaliwa na mama mwingine, Buguruni, na ndiye aliyemuuguza mzee mpaka akakata roho.

"Huyu asitoke kwenye kijitabu," alisema Gaudens.

"Nimfute?"

"Weee! Usimfute. Mzee alituapisha, hakuna kumfuta mtu. Hakuna namna akabaki humo humo ila asionekane?"

Namna ipo. Ukiweka alama ya asilimia mwanzoni mwa mstari, mfumo unauruka. Jovitha akaiweka. Roho ilimsuta, lakini mteja ni mteja. Gaudens akaondoka na vijitabu, na faili kwenye flashi, na kiapo chake kizima kabisa.

Mchana Celina akaja na shada lake. Mzee Harilal aliona shada tu, limesimama hewani, akalivutia kiti. Jovitha alimwona Celina mzima, maana yeye husoma faili lenyewe. Wengine husoma kilichochapwa.

"Dada, kaka kanipita kama ukuta. Hata konda hajanidai nauli. Mmenifanya nini?"

"Nimekuwekea alama."

"Si uitoe, jamani! Mimi nataka kumuaga baba tu."

Jovitha akaitoa kwenye nakala ya dukani. Haikusaidia kitu. Mfumo husoma kwanza faili la mwenye familia, na hilo lilikuwa mfukoni mwa Gaudens. Jovitha alimpigia simu, akajibiwa kuwa msibani hakuna mambo ya kompyuta.

Celina akapanda basi la msiba. Walimpakatisha kreti la soda mpaka Moshi, wakidhani kiti ni kitupu.

Kaburini, katekista Tarsis aliita watoto sita. Baada ya wa sita, shada la saba likasogea lenyewe hadi ukingoni. Katekista akapekua kijitabu mbele na nyuma, akaliambia kwa upole kwamba jina lake halimo, lisubiri. Likasubiri. Watu wakafukia, wakaimba, wakaenda kula. Mvua ikalikuta pale pale.

Wiki iliyofuata Gaudens alirudi dukani kuchapisha tangazo la shukrani. Aliagiza liandikwe kuwa mzee alisindikizwa na watoto wake wote.

"Wote?" aliuliza Jovitha.

"Wote. Majina yao yasome kwenye faili."

Celina alikuwa ameketi karibu na feni, kama kila siku tangu arudi. Shada lilikuwa limekauka mapajani mwake. Alikuwa bado anasikia uchungu, na hakuwa na pa kuupeleka.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Feni ilizunguka. Gaudens alitafuta mahali pa kukaa, akaliona shada juu ya kiti, akanyoosha mkono kulitoa. Celina alikuwa ameshainuka kumpisha mkubwa wake.