Saa Mgonjwa ya Susuni

Kila mtu ana ugonjwa wake. Wengine pombe, wengine siasa. Shamsudin, fundi saa wa Tarime mjini, ugonjwa wake ulikuwa saa za Kirusi. Si saa yoyote tu, la hasha. Alitaka zile za kutia ufunguo, za enzi za Wasovieti, tena zile ambazo hata Warusi wenyewe wamekwisha kuzisahau. Alikuwa nazo thelathini na moja, amezipanga kwenye makopo ya maziwa chini ya kitanda, nyumbani Turwa. Mkewe Kauthar, fundi mwenzake pale dukani na mwenye mkono mwepesi kumshinda, alifagia kuyazunguka makopo hayo huku akiguna.

"Baba Mwantumu," alikuwa akisema, "saa thelathini na moja, na bado ukiamka unaniuliza mimi saa ngapi."

Basi siku moja Shamsudin akasikia kwamba Mzee Nchagwa wa Susuni ana saa ya Kirusi aliyoachiwa na kaka yake, marehemu Emanuel, aliyekwenda Urusi kusomea matrekta miaka ya themanini. Hapo hata chakula kikamshinda. Lakini alijua vizuri kwamba mwenye saa akisikia fundi saa anaitaka, bei itapaa. Kwa hiyo akavaa shati lililochanika, akabeba gunia, akaenda Susuni kama mnunuzi wa vyuma chakavu. Mtu mzima na akili zake!

Mzee Nchagwa akaitikia shikamoo yake, akamletea kiti, kisha akaitoa saa kwenye kitambaa. Shamsudin akaikodolea macho. Ilikuwa ile yenye namba ishirini na nne usoni, ambayo mshale wake mfupi unazunguka mara moja tu kwa siku nzima. Saa kama hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi za kule kwenye barafu, ambako jua linaweza lisizame kabisa, mtu asijue kama ni saa sita ya mchana au ya usiku. Alikuwa ameitafuta saa hiyo miaka kumi na miwili.

"Unaionaje?" mzee akauliza.

Hapo ndipo shetani alipompitia.

"Mzee, nisikufiche," akasema, amekunja uso kama daktari. "Hii saa ni mgonjwa. Wenzake wanazunguka mara mbili kwa siku, yenyewe mara moja. Namba nazo zimekosewa huko huko kiwandani. Makapi kama haya walikuwa wanawauzia wanafunzi wa Kiafrika, wasiojua. Nipe tu kama chuma, nitakupa elfu tano."

Mzee Nchagwa akaifunika saa taratibu.

"Emanuel alijinyima miezi mitatu kuinunua hii," akasema. "Alipokuja nayo, kijiji kizima kilikuja kuiona." Kisha akajikaza. "Lakini sisi hapa hatumuuzii mgeni ng'ombe mgonjwa. Nikikupa hivi nitakuwa nimekuibia. Njoo Jumamosi, nitakuwa nimeitibu."

"Hapana, mzee! Mimi naipenda hivyo hivyo ilivyo!"

"Chuma chakavu unakipenda?"

Shamsudin akachukua gunia lake, akaaga.

Wiki ile akaenda zake Morotonga, kule Serengeti, kufuata fununu ya saa nyingine. Alipoifikia akakuta ni ya plastiki na haina hata mishale. Jumamosi akapitiliza moja kwa moja hadi Susuni, na gunia lake begani.

Mzee alimpokea kwa furaha. "Imepona!"

Wallahi, ilikuwa imepona. Ilikuwa na uso mpya mweupe wenye namba kumi na mbili, na mshale wa sekunde ulikuwa unarukaruka kwa nguvu za betri. Cha Kirusi kilichobaki kilikuwa gamba tu.

"Nani kafanya hivi?" Shamsudin akauliza.

"Mkwe wangu Rhobi aliipeleka Tarime kwa fundi anayewashinda wote. Ni mwanamke. Mumewe naye ni fundi, lakini wanasema hakai dukani, kazi yake kuzurura."

Shamsudin akatoa elfu tano, akapokea gamba, akapanda bodaboda. Alimhimiza dereva hadi dereva akauliza kama wanawahi msiba.

"Mashine ya ile saa ya Kirusi iko wapi?" akafoka akiingia dukani.

"Waalaikumu salaam," Kauthar akajibu, akaweka kikombe chake cha chai chini. Akafungua droo. "Hii? Niliambiwa niitupe pamoja na uso wake wa zamani, nikaona nikuwekee. Yule dada aliyeileta nilimwambia saa haina ugonjwa wowote, akakataa katakata. Eti bingwa wa vyuma chakavu ameshaipima."

Shamsudin aliibusu ile mashine. Akakaa chini, akarudisha kila kitu mahali pake, akatia ufunguo, na saa ikaanza kulia kwa ile sauti yake ndogo ya haraka haraka. Ya thelathini na mbili!

"Masikini yule mzee," Kauthar akasema. "Rhobi anasema tangu yule mtu wa gunia apite pale, hali akashiba. Miaka yote anajivunia kaka yake, kumbe kaka yake alidharauliwa huko, akauziwa makapi."

Kisha akaliona gunia. Akalitazama shati lililochanika. Akamtazama mwenye shati.

"Baba Mwantumu! Ni wewe!"

Aliyoambiwa Shamsudin jioni ile tuyaache. Yote hayakumuuma kama lile neno makapi, maana lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Asubuhi akarudi Susuni bila gunia, akamkabidhi Mzee Nchagwa saa ile. Akasema yote, yeye ni nani na saa ile inafanyaje kazi. Mzee Nchagwa alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo Emanuel hakudanganywa na Warusi."

"Hakudanganywa, mzee. Alichagua saa niliyoitafuta miaka kumi na miwili."

"Aliyedanganywa ni nani?"

"Ni wewe, mzee. Na mwongo ni mimi."

Mzee akamrudishia elfu tano yake, akaivaa saa. Shamsudin akajua haitatoka tena kwenye mkono ule. Kusema kweli moyo ulimuuma, tena sana. Akageuka kuaga.

"Unakwenda wapi?" mzee akasema. "Kaburi liko kule nyuma ya migomba. Mimi umeshaniambia, kamwambie na yeye."

Shamsudin akasimama mbele ya kaburi, mikono ameifumbata. "Marehemu, saa yako ni nzima," akasema kwa aibu.

"Pandisha sauti. Alikuwa mzito wa kusikia."

Akavuta pumzi, akapaza sauti hadi waliokuwa wanapalilia shamba la jirani wakasimama na majembe yao. "Saa yako ni nzima, mzee Emanuel! Haijawahi kuugua! Mwongo ni mimi, Shamsudin, fundi saa wa Tarime!"

"Hapo amesikia," mzee akasema, akifuta macho kwa mkono wenye saa.